Stellarium na ramani ya USGS, wanafunzi wa Dodoma msizikose

Madogo mnaosoma jiografia na fizikia, naanza na Stellarium, programu inayokuonyesha anga na nyota, maana hii ndo naikubali kuliko zote. Ya kompyuta ni bure kabisa, ukishaipakua mara moja inapiga kazi hata bando likikata, unaiambia uko Dodoma inakuletea anga la kwetu lenyewe sio la Ulaya. Mfano Nyota ya Kaskazini, vitabuni inatajwa sana lakini sisi tuko kama nyuzi 6 kusini mwa ikweta kwahiyo huku iko chini ya upeo wa macho, huioni hata ukeshe, ila geukia kusini mwezi wa 5 kwenye saa 3 usiku unaukuta Msalaba wa Kusini umesimama wima. Hapo mtoto anaelewa kweli latitudo ni nini!

Ramani ya matetemeko ya ardhi ya USGS (shirika la jiolojia la Marekani) nayo bure, ukivuta ya miaka ya nyuma unaona jinsi yanavyofuata Bonde la Ufa. Shida yake matetemeko madogo ya huku, yale ya ukubwa chini ya 4.5, mengi hayamo, na inataka intaneti muda wote.