Kliniki ya methadoni kwa kijana mwenye uraibu na sonona: tathmini ya mlezi

Ninawaandikia walezi wenye kijana anayetumia heroini na ambaye pia amelemewa na sonona. Mpwa wangu amepitia huduma za aina mbili jijini Dar es Salaam, yaani nyumba ya upataji nafuu ya kulipia na kliniki ya methadoni, dawa inayotolewa badala ya heroini, katika hospitali ya umma, na kwa kijana mwenye hali kama yake ninapendekeza kliniki bila kusita, ingawa ina mzigo wake ambao familia inapaswa kuujua mapema.

Nyumba ya upataji nafuu, ambayo sitaitaja jina, ilikuwa safi na yenye utaratibu. Vijana waliamka alfajiri, walishiriki kazi za usafi na vikao vya hatua 12 (mpango wa waraibu kusaidiana kuacha ulevi hatua kwa hatua), na wasimamizi, ambao wenyewe waliwahi kuwa waraibu, walizungumza nao kwa heshima ambayo vijana hawa hawaipati mtaani. Upungufu wake ulikuwa kwamba hapakuwa na daktari wala mtaalamu wa afya ya akili, na dawa za sonona ambazo mpwa wangu alikuwa ameandikiwa hospitalini zilikataliwa siku ya kuingia kwa hoja kwamba kila kidonge ni ulevi. Arosto, yaani mateso ya mwili unapokosa heroini, ilipita, sonona ikabaki, na haukupita muda mrefu baada ya kutoka akaurudia unga. Hapo ndipo penye hatari kubwa kuliko zote, kwa sababu mwili uliokaa bila heroini hupoteza ustahimilivu wake, hivyo kiasi kilekile alichokizoea zamani kinaweza kumkata pumzi na kumuua. Sisi hatukuelezwa jambo hilo tulipokwenda kumchukua, na kwangu kasoro hiyo ni nzito kuliko ada yote tuliyolipa.

Huduma ya methadoni nchini ilianza Muhimbili mwaka 2011, ikafuata Mwananyamala, na sasa inapatikana Temeke, Zanzibar na mikoa mingine kadhaa, bila malipo. Kijana hunywa dozi ya majimaji kila siku mbele ya mhudumu. Huanza na kiasi kidogo kinachopandishwa taratibu, kwa kuwa dawa hii hukaa mwilini kwa muda mrefu na haraka yoyote inaweza kumdhuru. Dozi ikishatulia, arosto huisha, hamu ya unga hupungua, na kijana hapati stimu. Anaweza kula, kulala na kuzungumza kama mtu mwingine yeyote. Wapo majirani waliotuambia kwamba tumembadilishia ulevi tu, lakini kijana ambaye kila asubuhi alikuwa akitafuta pesa ya kete, na leo anaweza kukaa na mama yake wakazungumza, hayuko pale alipokuwa.

Kilichonifanya niiheshimu zaidi kliniki tunayohudhuria ni mahojiano ya kwanza. Daktari hakuishia kwenye unga. Aliuliza kuhusu usingizi, hamu ya chakula, msiba wa baba yake, na kama amewahi kufikiria kujiua, swali ambalo hakuna aliyekuwa amemuuliza waziwazi, nyumbani wala kule alikotoka. Dawa za sonona zilirudishwa na kufuatiliwa sambamba na methadoni. Tulielezwa pia kwamba kuchanganya methadoni na pombe au vidonge vya kutuliza vya jamii ya Valium kunaweza kusimamisha pumzi, jambo ambalo kila mtu anayeishi naye anapaswa kulijua. Vipimo vya VVU na kifua kikuu alivipata hapohapo.

Mzigo nilioutaja ni kuhudhuria kila siku, zikiwemo sikukuu na siku za mvua. Nauli hula fedha za familia, na kibarua kinachoanza saa moja asubuhi ni vigumu kukishika. Washauri nasaha nao ni wachache kuliko mahitaji, kwa hiyo mazungumzo huwa mafupi, na tumelazimika kumtafutia mtaalamu wa saikolojia wa nje ili azungumze kwa kirefu kuhusu msiba wake. Laiti wangeongezwa washauri, ningeipa kliniki hii alama zote.

Methadoni ni kwa waraibu wa heroini na dawa za jamii yake, wala haitibu uraibu wa bangi, kokeini au pombe. Hata hivyo, vijana wengi huvuta kokteli, yaani bangi iliyochanganywa na unga, na nyumbani ikadhaniwa kuwa ni bangi peke yake. Kipimo cha mkojo ndicho kitakachoonyesha ukweli. Ikiwa hakuna heroini, mpelekeni kijana katika kitengo cha afya ya akili cha hospitali ya rufaa ya mkoa, na ikiwa hamjui kliniki iliyo karibu nanyi, Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya hupokea simu bila malipo kwa namba 119.