Kutoka Matema hadi Ikombe kwa miguu, na chakula cha mchana cha Jumapili

Wakazi wa Mbeya wanaotafuta pa kutembea siku ya Jumapili huelekezwa Ziwa Ngosi, lakini mimi naona afadhali washuke hadi Matema, wilayani Kyela, mahali ambapo Milima ya Livingstone inashuka karibu moja kwa moja hadi kwenye maji ya Ziwa Nyasa. Njia huanza kwenye mchanga, ikapita Lyulilo, kisha ikawa kijia chembamba kati ya mawe na maji mpaka Ikombe, kijiji cha Wakisi, ambao wanawake wao hufinyanga vyungu kwa mikono bila gurudumu. Soko la vyungu la Lyulilo ni la Jumamosi, hivyo anayefika Jumapili hununua kwa wafinyanzi wenyewe, na hilo kwangu ni bora zaidi. Masika mawe huteleza, kwa hiyo viatu vya plastiki vibaki nyumbani. Aidha, ziwa liko takriban mita 475 juu ya usawa wa bahari ilhali Mbeya imezidi mita 1,600, kwa hiyo mtu wa baridi atalisikia joto hilo, na ni vyema aanze kutembea kabla ya saa mbili asubuhi.

Chakula tulikula Matema, kwenye mgahawa mdogo wa makuti ulio ufukweni. Hapo hawapiki kabla hujaagiza, na Jumapili wapishi huanza kazi baada ya ibada. Asiyeagiza asubuhi anapopita atasubiri sana. Mbasa wa kuchoma alikuwa amekauka upande wa mkia, ingawa sehemu ya tumbo ilikuwa na mafuta ya kutosha na chumvi ilikuwa imekolea vizuri. Wali, hata hivyo, ndio uliostahili safari: mchele wa Kyela, uliopikwa punje zikaachana bila kukauka, wenye harufu iliyotufikia kabla ya sahani. Niliongeza wali, si samaki. Mchuzi ulikuwa mwepesi kupita kiasi, na soda zilikuja zikiwa vuguvugu kwa sababu umeme ulikuwa umekatika, lakini mhudumu alitueleza mapema badala ya kutuacha tugundue wenyewe. Kwa anayependa ndizi, aulize wakati wa kuagiza, maana hazipikwi kila mara.