Dizeli au petroli: gari la juu la kila siku kwa mkazi wa Mtwara

Mnunuzi wa gari la juu, yaani lile lililoinuka kutoka ardhini (SUV), huambiwa kwamba dizeli hula kidogo, na ni kweli: kwa magari yenye uzito unaokaribiana, dizeli huweza kuokoa takriban robo ya mafuta. Hata hivyo, tuchukue mtu anayeishi Mikindani na kufanya kazi mjini, ambaye kwenda na kurudi kwake ni kama kilomita 22. Kwa siku 300 atatembea kilomita 6,600, na ikiwa gari lake la petroli huenda kilomita 10 kwa lita, robo hiyo ni lita 165 tu kwa mwaka, akiba ambayo matengenezo ya nozeli, zinazonyunyiza dizeli ndani ya injini, mara moja yanaweza kuimeza yote. Kwa mtu huyo naweka mbele Toyota RAV4 ya petroli yenye injini ya lita 2.0.

Mpangilio hubadilika kwa anayepanda mara kwa mara uwanda wa Makonde kwenda Tandahimba au Newala akiwa na abiria na mizigo, hasa msimu wa korosho. Huyo namshauri Prado ya dizeli ya lita 3.0, kwa kuwa nguvu ya dizeli hupatikana injini ikiwa bado kwenye mizunguko ya chini, na gari hupanda mlima bila kukanyagwa sana. Prado ya petroli ya lita 2.7 naiweka chini ya hizo mbili, kwani bodi ni nzito na unywaji wa mafuta humshangaza aliyezoea gari dogo.

Mazda CX-5 ya dizeli ya lita 2.2 ni ya mwisho kwa matumizi ya mjini, ingawa barabarani ni gari tamu. Kichujio chake cha masizi ya moshi hujisafisha kwa joto la mwendo mrefu. Safari fupi za mjini Mtwara, kama Ligula hadi Shangani, hukiziba, na dizeli isiyoungua huweza kushukia kwenye oili.

Ukichagua dizeli, lione likiwashwa asubuhi injini ikiwa baridi, na usikubali muuzaji awe ameshalipasha moto. Moshi mweupe usiokwisha, au mlio wa kugonga usiotulia injini ikipata joto, ni sababu ya kumwita fundi wa pampu za dizeli kabla ya kutaja bei.