Mwalimu wa mbwa Dodoma: yupi wa kumlipa kwanza

Tangu serikali ihamie Dodoma, nyumba zimeota Ilazo, Kisasa, Iyumbu na Nzuguni hadi kule njia ya Mtumba, na nyuma ya mageti mengi mapya kuna mbwa. Mtu ananunua mtoto wa German Shepherd au chotara wake, anamjengea banda hata plasta ya nyumba haijakauka, kisha mbwa anakua. Anavuta kamba, anarukia wageni, na jirani aliyetoka kutawadha hataki tena kupita karibu na geti hilo. Hapo ndipo simu zinaanza kupigwa: nani anafundisha mbwa, na anachukua shilingi ngapi?

Mimi ningeanza na swali jingine. Mwalimu akishaondoka, kamba itabaki mkononi mwa nani? Kwa nyumba nyingi za hapa si mwenye nyumba, maana yeye anatoka alfajiri kuwahi ofisini na kurudi giza limeingia. Anayebaki na mbwa ni dada wa kazi, kijana wa bustani, mlinzi wa usiku, na watoto wakitoka shule. Mbwa anamtii mtu aliyezoea kuelekezwa naye, hata kama pesa imetoka mfuko mwingine. Kwa kigezo hicho nimepanga machaguo manne, na najua wenye vituo hawataupenda mpangilio huu.

1. Mwalimu anayekuja nyumbani

Huyu ndiye chaguo langu kwa familia nyingi. Mbwa anafundishwa palepale penye matatizo yake: geti linalogongwa, bodaboda inayoleta mzigo, mbuzi wa jirani wanaopita na kengele zao. Na watu wote wa nyumba wanashika maneno yaleyale. Baba akisema "sit", dada akisema "kaa chini", mlinzi akisema "tulia wewe", mbwa hana kosa akibaki amesimama.

Nilimtazama mmoja akifanya kazi Ilazo. Alipoingia hakumkimbilia mbwa wala kumkodolea macho. Alikaa kwenye kigoda, ubavu kwa mbwa, mfukoni ana dagaa waliochemshwa bila chumvi, akawa anadondosha mmoja mmoja chini. Mbwa aliposogea kwa hiari yake, mwalimu alimshika dagaa juu kidogo ya pua, akamrudisha polepole kuelekea kisogoni. Kichwa kikafuata juu, makalio yakashuka, na yalipogusa tu ardhi akasema "safi" na dagaa akaingia mdomoni. Kisha akamwita dada wa kazi. Dada aliogopa, dagaa wa kwanza alimrusha kwa mbali kama anayelisha kuku. Mwalimu hakumcheka. Alimwonyesha namna ya kufungua kiganja ili meno yasimguse, na kabla somo halijaisha mbwa alikuwa anakaa kwa sauti ya dada, mwenye mali bado yuko kazini. Hiyo ndiyo huduma ya kununua.

Kasoro yake ni nauli, hasa mkiwa pembezoni mwa mji, na mbwa kutokutana na mbwa wenzake. Ya pili inatibika: dai kwamba masomo ya mwisho yafanyike nje ya geti, barabarani na karibu na genge la mbogamboga.

2. Darasa la pamoja uwanjani

Kama mbwa wako ni mtoto, lipandishe hili liwe la kwanza. Kati ya wiki 3 na wiki 14 hivi za umri, mbwa anajifunza ni vitu gani duniani si vya kuogopwa: watoto, baiskeli, mwavuli, kanzu, mbwa wengine. Dirisha hilo likifungwa, kazi inakuwa ngumu zaidi. Chama cha madaktari wa mifugo wa Marekani wanaoshughulikia tabia za wanyama kinasema mtoto wa mbwa anaweza kuanza darasa akiwa na wiki 7 au 8, mradi amepewa dawa ya minyoo na chanjo za mwanzo angalau siku 7 kabla. Kwa hiyo mwalimu asiyeuliza kadi ya chanjo siku ya kwanza, geuza bajaji urudi nyumbani. Parvo, kirusi cha kuharisha kinachoua watoto wa mbwa, inaweza kukaa kwenye udongo kwa miezi mingi, na kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili hakina tiba, kwa mbwa wala kwa mtu. Chanjo ya kichaa hutolewa kuanzia miezi 3, kisha inarudiwa kama daktari atakavyoelekeza, kwa kawaida kila mwaka.

Uwanja wenyewe ukague kwa miguu. Dodoma ina mbigili, na mbwa anayechechemea hajifunzi kitu. Tafuta kivuli cha kweli, ukuta au fensi isiyo na matundu, na maji ya kunywa yaliyopo hata siku ya mgao, yaani simtanki na si ahadi ya ndoo. Masomo yawe saa 12 na nusu hadi saa 2 asubuhi, au kuanzia saa 11 jioni. Oktoba na Novemba jua la hapa halina mzaha: weka mgongo wa mkono wako kwenye lami au zege, na ukishindwa kuuacha kwa sekunde kama saba, nyayo za mbwa nazo zitaungua. Hesabu pia vichwa. Mwalimu mmoja na mbwa sita inatosha. Wakizidi sana, unalipia kusimama kwenye foleni.

Mkikosa darasa mtaani kwenu, kusanyaneni wenye mbwa watatu au wanne, mchangie mwalimu mmoja na kiwanja kimoja chenye ukuta.

3. Kufundisha mwenyewe

Haina gharama zaidi ya muda na dagaa, na kwa mbwa mpole inatosha kabisa. Dakika 5 hadi 10, mara mbili tatu kwa siku, kabla hajala. Mbwa wa kienyeji wanadharauliwa bure hapa. Wanashika haraka, na wanastahimili joto kuliko hao wenye manyoya mazito tunaowalipia fedha nyingi. Ila mbwa akishawahi kung'ata mtu, usijaribu peke yako. Anza kwa daktari wa mifugo, kwa sababu mbwa mwenye maumivu ya sikio au homa ya kupe anaweza kuwa mkali bila kuwa na tabia mbaya.

4. Kumlaza mbwa kituoni

Unamwacha wiki kadhaa, unarudishiwa "amekamilika". Ndilo chaguo la gharama kubwa, na ndilo ninaloliweka mwisho, maana mbwa anarudi anamtii mtu ambaye haishi kwenu. Lina nafasi yake: umesafiri kikazi, au nyumba haina mtu mzima wa kushika kamba kwa sasa. Ukilichukua, sharti liwe masomo ya makabidhiano, na dada na mlinzi wahudhurie.

Kabla ya kulipa, nenda bila kutoa taarifa. Pua itakuambia mengi kabla ya macho. Tazama sakafu: saruji yenye mteremko na mfereji, au udongo unaonyonya mkojo? Uliza wanasafishia nini. Sabuni pekee haiui parvo, jiki iliyochanganywa vizuri na maji ndiyo inayoiua. Angalia kama mbwa mgeni anatengwa siku za mwanzo, kama kuna kupe kwenye nyufa za ukuta, na nani analala pale usiku. Kisha omba kuona mbwa mmoja akifundishwa. Wakikataa kwa kisingizio kwamba mbwa "atachanganyikiwa", mazungumzo yaishie hapo. Mkia uliobanwa katikati ya miguu, masikio yaliyolazwa, na kulambalamba midomo wakati hakuna chakula, hizo ni dalili za woga.

Mbinu, na hao wanaotaka mbwa mkali

Daktari wa mifugo anasajiliwa na Baraza la Veterinari Tanzania. Mwalimu wa mbwa hana chombo cha namna hiyo, kwa hiyo cheti cha ukutani kisikutishe wala kisikulevye. Muulize mawili: mbwa akipatia unafanya nini, na akikosea unafanya nini? Jibu la pili likiwa mnyororo wa kunyonga, kola ya umeme au fimbo, mpite. Anayeamini mnyama hafunzwi bila kipigo aende Morogoro, kwenye shirika la APOPO, akaone panya buku wanavyofundishwa kunusa mabomu ya ardhini kwa mlio mdogo unaofuatiwa na chakula. Magawa, mmoja wa panya hao waliofunzwa Tanzania, alipewa medali ya dhahabu ya PDSA, shirika la hisani la kutibu wanyama la Uingereza, mwaka 2020 kwa kazi yake Cambodia.

Wastaafu wa vikosi vya mbwa vya polisi ni wazuri wakati mwingine: wana nidhamu, wanajua kusoma mwili wa mbwa, hawababaiki. Lakini mbwa wa doria ana kazi moja na mshikaji wake. Wa kwako ana watoto na wageni wa sikukuu. Sikiliza kama mzee anajua tofauti hiyo.

Na ukimsikia mtu anashauri pilipili kwenye ugali, moshi wa bangi, au kumfungia mbwa gizani mchana kutwa ili awe mkali, huyo hauzi mafunzo. Mbwa wa namna hiyo anang'ata mtoto wa nyumbani kabla ya mwizi. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 nayo inakataza ukatili kwa wanyama. Mlinzi mzuri anabweka, anasimama, na anaacha akiambiwa aache.

Malipo

Bei kila mtu anataja yake, hivyo linganisha kwa somo moja na si kwa "kifurushi". Uliza kama nauli imo, somo ni dakika ngapi, na mvua ikikatisha nani anabeba hasara. Tangu treni ya SGR ianze kufika Dodoma mwaka 2024, imekuwa rahisi kwa mwalimu wa Dar au Morogoro kuja mara moja moja. Mchukue kama atakuachia mazoezi ya kufanya katikati ya safari zake, la sivyo unalipia tiketi. Lipa somo la kwanza peke yake, lililobaki kwa awamu, na kwa simu ili ujumbe wa muamala ubaki. Makubaliano yaandikwe hata kwenye WhatsApp: mbwa atajua nini, atamtii nani kwa majina, na mtakutana tena lini kumpima. Siku ya kupima, mwenye nyumba akae pembeni na kamba ashike dada.