Kielelezo cha Saketi cha PhET Mbele ya Wanafunzi 64: Tathmini ya Mwalimu Mtarajiwa, Tanga

Kwa wiki nane za mazoezi ya kufundisha nilizozimaliza hivi karibuni katika shule moja ya kata iliyo njiani kuelekea Pongwe, nje kidogo ya Tanga mjini, nilifundisha mada ya umeme kwa kutumia kielelezo cha kompyuta, yaani programu inayoiga saketi (njia ya umeme) kwenye kioo, kinachotolewa na mradi wa PhET. Ninaandika tathmini hii nikiwa mwalimu mtarajiwa ambaye bado hajakabidhiwa darasa lake mwenyewe, na ninakieleza kifaa hiki kama nilivyokiona kikifanya kazi mbele ya wanafunzi 64 na kompyuta moja. Sifa nyingi za vifaa vya aina hii nilizowahi kuzisoma zilitolewa na watu ambao kila mwanafunzi wao alikuwa na kompyuta yake, na hali hiyo sikuikuta nilikopangiwa.

Mradi wa PhET ulianzishwa mwaka 2002 katika Chuo Kikuu cha Colorado Boulder nchini Marekani na Carl Wieman, mwanafizikia aliyekuwa amepata Tuzo ya Nobel mwaka mmoja tu kabla yake. Leo unatoa bila malipo vielelezo zaidi ya 150 vya fizikia, kemia, hisabati, biolojia na sayansi ya dunia. Kilichonivutia kwanza ni kwamba kielelezo kinaweza kupakuliwa kama faili moja ambalo hufunguka ndani ya kivinjari cha kawaida bila intaneti. Nilikipakua Jumapili usiku nikiwa bwenini, nikakiweka kwenye flashi, na kuanzia hapo sikuhitaji bando tena. Vipo vielelezo vilivyotafsiriwa kwa Kiswahili na watu waliojitolea. Mimi nilitumia toleo la Kiingereza kwa sababu fizikia ya sekondari hufundishwa na kutahiniwa kwa lugha hiyo. Hata hivyo wanafunzi walipokaa katika vikundi walijadiliana kwa Kiswahili, wala sikuwakataza, kwa kuwa mtoto anayemweleza mwenzake njia ya umeme huieleza kwa lugha anayofikiria.

Kielelezo chenyewe ni uwanja mtupu wenye vifaa pembeni: nyaya, betri, balbu, vikinza (vifaa vya kupunguza mkondo), swichi na fyuzi, pamoja na vitu vya nyumbani kama sarafu, klipu, penseli na kifutio vya kujaribia kipi kinapitisha umeme na kipi hakipitishi. Unavuta kifaa hadi katikati, unakisogeza hadi ncha yake iguse ncha ya kifaa kingine, na vinashikana. Saketi ikikamilika, punje ndogo za buluu zinazowakilisha elektroni huanza kutembea ndani ya waya na balbu hutoa miali. Betri huanza na volti 9 na balbu huwa na ukinzani wa omu 10, hivyo hesabu huenda sawa na ile ya ubaoni: balbu moja hupitisha ampea 0.9, na balbu mbili zikifuatana mkondo hushuka hadi ampea 0.45 na mwanga hufifia mbele ya macho ya darasa zima. Kitufe kingine hugeuza picha zote kuwa alama za mchoro wa saketi, zile zile zinazotumika kwenye mtihani, na ukikibonyeza tena picha hurudi. Kwa kitufe hicho peke yake ningekubali kubeba kompyuta hadi Pongwe kila siku, kwa sababu nimeona wanafunzi wengi wanaochora alama kwa usahihi bila kujua kuwa mistari miwili isiyolingana urefu ni betri ile ile iliyomo kwenye tochi ya nyumbani kwao.

Somo la kwanza nililitoa Kidato cha Pili A. Kabla ya kuunganisha amita, kipimo cha mkondo wa umeme, niliuliza swali ambalo walimu wa fizikia wanalijua vizuri: balbu mbili zikifuatana, mkondo unaoingia balbu ya pili unalingana na ulioingia ya kwanza, au umepungua? Mikono mingi ilisema umepungua, kwa hoja kwamba balbu ya kwanza imekwisha kuutumia. Hoja hiyo ina akili ndani yake, kwa kuwa nyumbani chochote kinachopita kwenye mikono miwili hupungua, iwe ni maji ya ndoo au unga wa debe. Nikaisogeza amita juu ya waya kabla ya balbu ya kwanza, baina ya balbu, kisha baada ya ya pili, na mara zote ikasoma 0.45. Darasa likanyamaza. Kisha msichana mmoja wa dawati la nyuma akasema, "Mwalimu, basi kinachotumika siyo mkondo," na kipindi kilichobaki kiligeuka kuwa mjadala wa kutafuta ni nini basi kinachotumika, ambao ndio mlango wa kuingilia katika somo la nishati. Nimekaa kwenye madarasa ya fizikia kwa miaka mingi kama mwanafunzi na sikumbuki somo la umeme lililofunguka namna ile kwa chaki peke yake.

Jambo la pili kinaloweza kulifanya bila hatari ni shoti. Ukiunganisha waya moja kwa moja kutoka upande mmoja wa betri hadi mwingine, betri huwaka moto kwenye kioo. Wanafunzi walitaka irudiwe mara nne, nami nilirudia, kwa sababu kila mara tulibadilisha kitu kimoja: tukaongeza kikinza, moto ukazimika, tukaweka fyuzi, ikakatika. Watoto wanaoishi katika nyumba zenye nyaya za kuungaunga wana haki ya kuelewa kwa nini fyuzi haipaswi kubadilishwa kwa kipande cha waya.

Baada ya wiki moja ya mafanikio hayo ndipo nilipokutana na upungufu ambao ndio sababu hasa ya kuandika tathmini hii. Nilinunua kwenye maduka ya vifaa vya umeme ya Ngamiani betri 16 za tochi za volti 1.5, balbu 16 ndogo na mita kadhaa za waya mwembamba, yote kwa shilingi 23,000 za mfukoni mwangu, nikagawa kwa vikundi vinane vya Kidato cha Pili A. Niliwaomba wawashe balbu moja tu. Wanafunzi ambao juzi yake walikuwa wakieleza saketi mfuatano na saketi sambamba bila kusita walikaa karibu dakika kumi na tano bila kikundi hata kimoja kupata mwanga. Walikuwa wakigusisha ncha zote mbili za waya kwenye kitako cha balbu. Hawakujua kuwa balbu ina sehemu mbili za kugusia, kitako na ubavu wa kile kikombe cha chuma, na kwamba umeme huingia kwa moja na kutokea kwa nyingine.

Nilirudi bwenini nikakifungua kielelezo na kukitazama upya, nikaona chanzo. Kwenye kioo balbu ina viduara viwili vinavyoonyesha mahali pa kuunganishia, na waya ukiusogeza karibu hunasa wenyewe. Kwa hiyo mwanafunzi hapati kamwe nafasi ya kujiuliza umeme unaingilia wapi, kwa sababu mtengenezaji amekwisha kumjibu. Waya hauna ganda la plastiki la kumenya, kiungo hakilegei, betri haizeeki. Zaidi ya hayo balbu ya kawaida ya kielelezo huufuata mlingano wa Ohm bila kukosea, ilhali uzi wa balbu halisi huongezeka ukinzani unapopata joto. Upo uwezekano wa kuongeza ukinzani wa ndani ya betri na wa nyaya kwenye mipangilio, nami nilikuja kuutumia baadaye, lakini hauwezi kumfundisha mtoto kukwangua kutu.

Kidato cha Pili B nikakifundisha kwa kugeuza mpangilio. Walianza na betri na waya mikononi, bila maelezo yoyote zaidi ya kuambiwa waiwashe balbu. Walihangaika vile vile, tena kwa kelele zaidi, hadi kijana mmoja ambaye baada ya masomo humsaidia fundi baiskeli akaegemeza ubavu wa balbu kwenye waya, na mwanga ukatoka. Kikundi chake kilipiga makofi kama timu iliyofunga bao. Siku iliyofuata nilipofungua kielelezo, swali la kwanza la darasa lilikuwa kwa nini balbu ya kwenye kompyuta ina vile viduara. Waliiona tofauti kabla sijaitaja. Tangu hapo niliwaona wakikitumia kielelezo kama watu wanaojua kinachowakilishwa, na punje za buluu ziliwapa jibu la jambo walilokwisha kulihangaikia kwa vidole.

Nafahamu kwamba kuna ushahidi unaoelekea upande mwingine. Noah Finkelstein na wenzake walichapisha mwaka 2005 utafiti uliolinganisha wanafunzi wa chuo kikuu waliotumia kielelezo hiki cha saketi na wengine waliotumia vifaa halisi vya maabara, na waliotumia kielelezo walifanya vizuri zaidi hata walipotakiwa kuunda na kueleza saketi halisi. Nauheshimu utafiti huo na sidhani kuwa madarasa yangu mawili yanaweza kuutengua. Ila wale walikuwa wanafunzi wa chuo kikuu, waliokaa mbele ya kompyuta wakizigusa kwa mikono yao, ilhali wangu walikuwa watoto wa kidato cha pili waliotazama ukutani wakati mimi ndiye ninayevuta waya. Tofauti hiyo naiona kubwa sana. Kielelezo kilichoundwa ili mwanafunzi akichezee kinageuka kuwa sinema endapo mwalimu ndiye anayekichezea peke yake, na nilijitahidi kupunguza hasara hiyo kwa kuwaita mbele wanafunzi wawili wawili, mmoja kwenye kompyuta na mwingine akipokea maelekezo ya darasa. Ilichukua muda, na bado wengi hawakufikiwa.

Swali moja lilinipa kazi kuliko yote. Mwanafunzi wa B alizitazama punje zikizunguka, akauliza, "Mwalimu, umeme wa nyumbani tunaambiwa unatoka Hale. Na hizi punje zimetoka Hale?" Mitambo ya kuzalisha umeme ya Hale, megawati 21, na ile ya New Pangani Falls, megawati 68, yote huzungushwa na maji ya Mto Pangani, nasi huku Tanga tunaitaja kama majirani. Hapa kielelezo kilinisaidia na kuniangusha kwa wakati mmoja. Kilinisaidia kwa sababu ukiweka waya peke yake uwanjani, haujaunganishwa na kitu, tayari una elektroni ndani yake zimetulia. Hivyo niliweza kuonyesha kuwa punje ni za waya wenyewe na betri huzisukuma tu. Kiliniangusha kwa sababu mwendo wa punje kwenye kioo unaonekana kwa macho, ilhali katika waya wa kawaida elektroni husogea taratibu mno, mara nyingi chini ya milimita moja kwa sekunde, na katika umeme wa gridi hazisafiri kabisa bali hutikisika kwenda na kurudi mara 50 kila sekunde. Niliwapeleka nje penye baiskeli zao, nikainua gurudumu la nyuma la mojawapo na kuzungusha pedali: gurudumu lilizunguka papo hapo, ingawa pingili ya mnyororo iliyokuwa mbele haikuwa imefika nyuma. Msukumo hufika kabla ya pingili. Kwa mtoto wa Tanga, aliyekulia juu ya baiskeli, hilo lilieleweka kuliko kitu chochote nilichoweza kumwonyesha kwenye kompyuta.

Kuhusu amita pia natoa tahadhari. Toleo la kawaida lina amita inayoelekezwa tu juu ya waya bila kukata saketi, ni nzuri kwa kuonyesha, lakini mwanafunzi akiizoea atashangaa mbele ya amita halisi. Lipo toleo jingine la maabara ambalo lina amita ya kuunganishwa kwa mfuatano pekee, nalo ndilo ninalolipendekeza kuanzia somo la tatu na kuendelea.

Gharama halisi haimo kwenye kielelezo. Projekta niliazima, madirisha niliyaziba kwa kanga na maboksi, na umeme ulipokatika katikati ya kipindi, kama ilivyotokea mara mbili, betri za tochi ndizo zilizoendeleza somo.

Kwa mwalimu wa fizikia mwenye laptopu moja na darasa kubwa, nakipa PhET alama nne kati ya tano kwa masharti haya: apakue matoleo yote mawili kabla ya muhula kuanza, atoe kipindi kizima cha kwanza kwa betri na balbu zisizo na kishikilia, na kielelezo kifuate siku ya pili, wanafunzi wakiwa wamekwisha kuchubua waya kwa meno na kushindwa. Faili nimeliacha kwenye kompyuta ya ofisi ya taaluma ya shule ile. Betri na balbu, kwa ruhusa ya mwalimu mlezi wangu, nimeziacha kwenye kopo la maziwa juu ya kabati la maabara, na kijana wa fundi baiskeli ndiye aliyepewa kazi ya kuzihesabu kila Ijumaa.