Smuthi bila maziwa: tui la nazi au ndizi za friza?

Nyumbani kwetu Magomeni ubishi huu hauishi. Dada anataka tui, mimi nataka ndizi mbivu zilizogandishwa. Embe na nanasi ni yale yale, maziwa hamna. (Na heri, maana nanasi lisilopikwa likikaa na maziwa huleta uchungu.)

Kwa mfuko, ndizi inashinda. Zile zenye madoa, ambazo muuzaji anataka kuzimaliza jioni, ndizo tamu zaidi. Menya, kata vipande, tandaza kwenye sinia, ndipo ugandishe. Ukizitia nzima na maganda utakuja kupigana nazo kwa kisu. Nazi ni gharama na ni kazi: kuvunja, kukuna kwenye mbuzi, kukamua, kuchuja. Ila ladha! Tui zito na embe dodo, ndizi haifiki hapo. Ndizi ina ubabe, kila smuthi inageuka ya ndizi.

Umeme ukikatika mchana kutwa, ndizi zilizoyeyuka unazipondea chapati za maji. Tui kwa joto la Dar huchacha upesi. Hata likiwa kwenye friji, mafuta yake hupanda juu yakaganda, hivyo likoroge kwanza.

Kuosha jagi: ndizi suuza tu, tui linadai maji ya moto na sabuni.

Una watoto wa kuwahi shule? Ndizi. Wageni Jumapili, na kuna wa kukuna nazi? Tui. Blenda yako ikiwa dhaifu, vipande vya ndizi vilivyoganda vitaihenyesha. Tui huipa nafuu.