Holst wa Cleveland Symphonic Winds: msisubiri ngoma, sikilizeni tuba

Mi nimekulia kwenye matarumbeta ya kanisani, nilipiga yufoniamu (kama tuba ndogo) miaka sita, kwa hiyo nikisikia watu wanaisifia hii CD ya nyimbo za Holst, mtunzi Mwingereza, iliyopigwa na bendi ya Cleveland Symphonic Winds chini ya kondakta Frederick Fennell, kwa ajili ya ile ngoma kubwa tu roho inaniuma. Ngoma ipo kweli na ni balaa. Kampuni ya Telarc waliirekodi Aprili 1978 pale Severance Hall, Cleveland, ni kati ya rekodi za kwanza kabisa za kidijitali Marekani, na ngoma ikipigwa unaisikia tumboni. Ila msiisikilize kwa spika ya simu, mi nilifanya hivyo mara ya kwanza nikawa nashangaa ngoma yenyewe iko wapi, tafuteni hedifoni nzuri.

Sasa utamu wenyewe uko mwanzo wa First Suite ya Holst, ya 1909. Sehemu ya kwanza, Chaconne, inaanza na tuba (lile tarumbeta kubwa la sauti nzito) na yufoniamu peke yao, taratiibu, ka-melodi kafupi sana, halafu hako hako kanazunguka, wengine wanakapokea, katikati kanageuzwa juu chini, mpaka bendi nzima inakabeba na hapo ndo ngoma inaingia. Yaani sisi wa sauti za chini tumezoea kupiga pum pum wenzetu waimbe, hapa wimbo tumekabidhiwa sisi! Holst mwenyewe aliwahi kujipatia riziki kwa kupiga tromboni, alijua.

Bendi yetu ilikuwa shaba tupu, klarineti hatukuwahi kuwa nazo, basi ile sehemu ya pili, Intermezzo, klarineti na obo (zote ala za mbao za kupuliza) zinavyokimbia bila kugongana, niliirudia mara nne usiku ule. Fennell ndo aliyeanzisha Eastman Wind Ensemble mwaka 1952, alitaka wapigaji wachache kwa kila sauti badala ya bendi la watu kibao, na humu unaisikia hiyo, hakuna anayefunikwa. Second Suite ya Holst nayo imo humu, kuna wimbo wa mhunzi, chuma kinagongwa kweli.

Kwenye CD hiyo hiyo kuna pia kazi ya Handel ya 1749, kwangu ni nzito kidogo, na ya Bach, ni fupi na nzuri.

Sasa hivi naiandika Chaconne kwa kuisikiliza tu nijaribu na vijana wa kanisani, sehemu za klarineti nazihamishia kwenye tarumbeta, tumeshafika nusu.